Shajara ya stoo ya mjomba, Mikindani: injini nne, nafasi ya mbili

Julai, kusi bado linavuma

Stoo yenyewe ni banda la bati uani kwa mjomba hapa Mikindani, juu kidogo ya barabara ya kwenda Mtwara mjini, sakafu ya zege, mlango wa mbao unafungwa kwa waya. Mjomba ni fundi magari wa tangu enzi za kivuko cha Ndundu, yaani kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, enzi hizo masika yakikolea ndo basi tena, huku kusini kunajifunga, spea haiji mpaka njia ikauke. Fundi wa huku akajifunza kutotupa kitu. Hata nati moja. Sasa miguu inamsumbua, kazi za gereji kaniachia mimi na stoo kaniachia pia, pamoja na kila kitu ambacho hakukitupa kwa miaka yote hiyo.

Kilichomo kwa haraka haraka: injini ya Land Rover Series III petroli, ile ya 2.25, imekamata haizunguki. Hilux ya shemeji yenye injini ya Toyota 22R ya petroli, hiyo inatembea ila asubuhi ukiwasha inapiga kelele mbele utadhani imebeba misumari. Injini ya Toyota ya dizeli, jina lake 2L, bloku tu, hedi (kile kichwa cha juu chenye valvu) haipo. Peugeot 504 ya petroli imefunguliwa nusu, vitu vyake vimejaa kwenye beseni. Giaboksi zimepangana ukutani. Makopo, na makopo mengine ndani ya makopo. Magunia ya salfa.

Mpango ni huu. Hilux lazima iwe barabarani kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, shemeji anabebea watu mzigo kupeleka ghalani na hiyo ndo hela yake ya mwaka. Land Rover ni ya roho yangu mwenyewe. Hizo nyingine mbili nimemwambia mjomba waziwazi: huku pwani injini ikishafunguliwa ina msimu mmoja tu, kusi linaleta chumvi, kaskazi likija linaleta joto na unyevu alafu mvua, kwaiyo chochote ambacho hatuwezi kukifunga kabla ya mvua za Desemba kiondoke kikafungwe na mwingine. Hakunijibu. Akaomba chai.

Julai, bado. Habari ya salfa

Sikutegemea kuanzia hapa lakini imebidi. Salfa ya unga ya kupulizia mikorosho, ile ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ilikuwa imewekwa kwenye kona ileile ya injini, magunia mengine yamepasuka, vumbi la njano limetambaa mpaka kwenye rafu. Anayelima korosho anaijua, inaingia kila mahali, machoni mpaka kwenye ugali. Kwa mkulima ni dawa, kwa shaba ni msiba. Waya zote za shaba zilizokuwa wazi kwenye kona ile zimekuwa nyeusi tii, siyo kutu ya kijani ile ya kawaida ya pwani, nyeusi. Kabureta ya Land Rover, Zenith, nikaifungua kifuniko, jeti zake za brasi nyeusi vilevile. Unyevu ukichanganyika na salfa na chumvi pamoja hapo hakuna chuma kinachopona.

Kuichoma hapana, moshi wake unakaba na majirani wapo karibu, kumwaga baharini ndo usiseme kabisa. Bahati nzuri msimu wa kupuliza haujaisha, magunia yaliyo makavu kayachukua jirani mwenye shamba upande wa Naliendele, akaja na bodaboda, akafunga magunia kwa mpira, akaondoka. Iliyomwagika nikaifagia polepole na ufagio uliolowa maji nikiwa nimejifunga kitambaa puani, alafu zege nikaliosha kwa maji na sabuni mpaka likabadilika rangi. Mjomba akaniuliza kutoka barazani, "Mjomba, unaosha stoo au unaosha maiti?" Nikamwambia vyote.

Agosti mwanzoni. Kuchambua

Kazi hii ndo ya kuvunja mgongo. Nimemwekea mjomba kiti kivulini chini ya mwembe, mimi natoa kitu ndani, nampelekea, yeye anahukumu. Mafungu matatu: kinabaki, kinauzwa, skrepa. Siku za mwanzo kila kitu kilikuwa kinabaki. Namwonyesha pampu ya maji ya gari ambalo halipo tena Mtwara nzima, ananiambia hiyo acha, itakuja siku. Nikamwekea sharti jipya, kitu kisichokuwa na gari lake ndani ya uzio huu au kwa mtu tunayemjua kwa jina, hakibaki. Hapo mambo yakaanza kwenda, ingawa aliwakumbuka ghafla watu wengi sana anaowajua kwa jina.

Boliti zilitaka kunitoa machozi. Land Rover ya zamani ni boliti za inchi, Toyota na Peugeot ni za milimita, na mjomba alikuwa anazitia kopo moja. Shida siyo kubwa kwa kubwa, shida ni zile zinazofanana: ya 5/16 na ya M8, unene wake karibu sawa kabisa, 7.94 na 8, nati ya hii inaingia kwenye ile mizunguko kama miwili mitatu bila kelele, alafu ndo inaanza kutafuna meno. Fundi mwenye haraka anakaza kwa nguvu anajua imeshika, kumbe kachana uzi. Kwaiyo nimechukua nati moja ya M8 nzima na moja ya 5/16, nimezifunga kwa kamba shingoni, kila boliti inapimwa kwa vidole, isipozunguka laini mpaka mwisho haiingii kwenye kopo hilo. Dogo anayenisaidia kaifanya kazi hii akiwa anasikiliza mpira redioni na kaimaliza vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi.

Skrepa walikuja na mkokoteni na mizani yao, bei ya kilo ni ya kuumiza roho lakini ndo nafasi tunayotafuta. Kitu kimoja hawakukigusa, kipande cha reli ambacho mjomba anakitumia kama fuawe ya kugongea. Kinasemekana ni cha reli ya karanga, ile ya Waingereza kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, mradi wa kulima karanga uliokufa 1951 na treni yenyewe ikasimama miaka ya 60 mwanzoni. Watu wa skrepa wakiona reli wanarudi nyuma, hawataki kesi. Mjomba alifurahi mno. Kikarudi mahali pake.

Betri mbovu zimeondoka nzima nzima bila kupasuliwa. Oili chafu kachukua mtu wa kupaka nguzo za uzio, mchwa. Gasketi za zamani zile za kijivu nimewakataza wote wasizisugue na msasa mkavu, nyingi za enzi hizo zina asbesto ndani, unalowanisha, unakwangua taratibu, unafunga kwenye mfuko.

Agosti. Land Rover kuachia

Pistoni zilikuwa zimekamata kwa sababu kabureta ilitolewa zamani na tundu la manifoldi likaachwa wazi, hewa ya bahari ikajiingilia kupitia valvu iliyokuwa wazi. Niliitoa hedi kwanza, sikutaka kulazimisha na hendeli wakati sijaona ndani. Silinda mbili safi kabisa, zinang'aa. Ya tatu ina mstari wa kutu pale ringi ziliposimama. Ya nne, mh.

Nikamimina ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, iliyochanganywa na asetoni kila silinda, nikafunika na turubai, nikaiacha ikae, kila nikipita naongeza. Watu wanapenda kugonga pistoni na gogo na nyundo kubwa, mimi hapana, taji la pistoni ni aluminiamu na ukigonga pembeni ringi inavunja ukingo wake. Nimetumia bomba refu kwenye nati ya mbele ya kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kusukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, ikitoa mlio kama mlango wa zamani nasimama naongeza maji yake. Asubuhi moja ikazunguka yenyewe chini ya mkono wangu bila nguvu yoyote. Mjomba akaisikia sauti kutoka barazani, kabla sijasema kitu akasema "imeachia hiyo."

Kupima sasa. Injini hii saizi ya kiwandani ni 90.47 milimita, mwendo wa pistoni 88.9, jumla sisi 2286 (sentimita za ujazo), ina beringi kuu tatu tu za kranki, zile za tano walianza kutoa 1980. Shimo la kutu la silinda ya nne linaingia kucha. Hakuna mjadala, inachongwa. Kwa kina cha shimo lile ovasaizi ya ishirini, yaani kipenyo kinaongezeka sehemu ishirini kati ya elfu moja za inchi, itatosha kulifuta.

Na hapa nasisitiza, pistoni zinanunuliwa kwanza. Silinda inachongwa kuifuata pistoni uliyonayo mkononi na siyo kinyume chake, kuna watu wanachonga alafu wanazunguka Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kutafuta pistoni ya kulingana, wanakosa, wanarudi wanachonga tena ukubwa unaofuata. Bloku la chuma lile siyo muwa wa kumenya kila siku. Pistoni zimepatikana Dar, bloku nikalipeleka nalo Dar kwa lori. Kwenda ndo ghali kwa sababu malori ya saruji yanatoka Mtwara yameshiba, kurudi yanarudi tupu, dereva anakubeba kwa bei ya soda na maongezi.

Septemba. Ya shemeji

Wakati bloku liko Dar tukaingia kwenye Hilux. Hii 22R, sisi 2366, ni injini ngumu, mtu akikwambia ni ya milele mwamini, isipokuwa sehemu moja. Zile za mwanzo mwanzo zilikuwa na cheni ya taimingi ya safu mbili, kuanzia 1983 Toyota wakaweka safu moja na plastiki za kuongozea cheni. Plastiki ikizeeka inakatika, cheni inalegea, inaanza kupiga kava la mbele kutoka ndani. Kava ni aluminiamu na nyuma yake kuna njia ya maji. Cheni ikilitoboa maji yanaingia kwenye oili na hapo umeagana na kranki. Kelele ya asubuhi ndo onyo, na wenye magari wengi wanaizoea, oili ikipanda kelele inapungua wanasema aah imekaa sawa.

Oili ya shemeji haikuwa na weupe wa maji. Tukashukuru. Radieta chini, feni chini, puli ya kranki chini, hedi nayo tukaamua inatoka kwa sababu kava la taimingi linakaliwa na gasketi ya hedi kwa juu na ukilichomoa kijanja janja litavuja siku za mbele. Sasa kwa anayefungua hii injini mara ya kwanza: ukishatoa boliti zote kumi za hedi na hedi bado imeshika mbele, usichukue mtaimbo. Chini ya ile gia ya cheni kuna kidimbwi cha oili, na ndani ya kile kidimbwi kuna boliti moja ndogo inayoshika hedi na kava la mbele, haionekani mpaka uifyonze oili yote kwa kitambaa. Hedi ngapi zimepasuliwa ukingo kwa ajili ya boliti ile. Dogo nilimwambia atafute mwenyewe, akachovya kidole, akazungusha zungusha, akacheka.

Sampu, lile bakuli la oili la chini, ilipotoka, vipande vya plastiki vimejaa kwenye chujio la pampu ya oili, vyeusi, kimoja bado kina umbo la mgongo wake. Kava lina mfereji uliochimbwa na cheni, ncha ya kucha inazama, lakini haujatoboka. Kava tukabadilisha hata hivyo, sina moyo wa kumrudishia mtu kitu nusu. Cheni mpya, tenshena mpya, za kuongozea cheni tumeweka zile zenye mgongo wa chuma, zipo madukani siku hizi na sijui kwa nini mtu aendelee kununua plastiki tupu. Ufunguo wa kranki juu, pini ya kemshafti juu, viungo vya cheni vyenye rangi kwenye alama zake, zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa uone hakuna kinachogongana.

Hedi tuliiwekea rula ya chuma na fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, Toyota wanaruhusu kupinda mpaka milimita 0.15, hii haikufika, kwaiyo hakuna kuskimu, yaani kuinyoosha mashineni. Boliti zinakazwa Nm 78, kwa awamu tatu, kutokea katikati kwenda nje. Ikawaka. Asubuhi yake shemeji akaja kuisikiliza ikiwa ya baridi, akainamisha sikio boneti iko wazi, akauliza "imewaka?" Nikamjibu shem, weka mkono kwenye feni uone kama haijawaka. (Hakuweka, tunapendana.)

Oktoba. Bloku limerudi

Limechongwa vizuri, nimepima juu katikati chini, halijapinda wala kuwa yai. Ila mashine shopu walilirudisha na vumbi la chuma ndani ya njia za oili, na nina hakika wanadhani kupuliza hewa kunatosha. Hakutoshi. Vumbi la honi, yaani la kile kijiwe cha kusugulia silinda, ni kama pesti ya kusagia, linabaki kwenye mikwaruzo ya silinda na ringi mpya zinaisha kabla gari halijafika Lindi.

Nimeliosha bloku kama ifuatavyo. Plagi zote za njia za oili nje, vile visahani vya pembeni vya njia ya maji nje, na nyuma ya kile cha mwisho kulikuwa na udongo wa kutu na mchanga umejaa, nimeutoa kwa kijiko. Maji ya moto ya kutosha kwenye sufuria la shughuli, sabuni ya unga, brashi. Njia za oili nimepitisha spoku ya baiskeli iliyofungwa kitambaa ncha. Alafu kitambaa cheupe kikavu kwenye ukuta wa silinda, ukizungusha kikitoka kijivu unarudia sabuni, kikitoka kijivu unarudia, mpaka kitoke cheupe. Na ukimaliza usiende hata kupokea simu, paka oili palepale, kwa sababu kwa hewa ya Mikindani silinda iliyooshwa inageuka rangi ya chungwa ukiwa unaiangalia. Dogo alikuwa anaosha upande mmoja mimi nafuata nyuma yake na oili.

Kranki imechongwa kumi (elfu zilezile za inchi), beringi mpya za kumi. Ringi nimezipima mwanya moja moja, unaiingiza ringi ndani ya silinda, unaisukuma na kichwa cha pistoni ikae sawa, unapitisha fila geji kwenye mwanya. Kwa silinda ya saizi hii natafuta kama milimita 0.4. Moja ilibana, nikaisugua ncha kwa faili kidogo kidogo kuelekea ndani.

Sehemu ya kuheshimu kwenye injini hii ni sili ya nyuma ya kranki, inayozuia oili isivuje. Kofia ya beringi ya nyuma ina vipande viwili vya mpira vyenye umbo la T pembeni yake, vinaingia kwa kubanwa sana, na kona ya bloku ni kali inavikata wakati unashusha. Nimepiga ile kona msasa kidogo iwe butu, nimepaka mafuta, nimeshusha kofia wima bila kuyumba, mipira imebaki imechomoza chini ya milimita moja kama inavyotakiwa ili sampu ikija iibane. Mjomba aliomba aletwe kuona hii sehemu. Tulimbeba na kiti chake. Akapitisha kidole, akasema "usikate hapo, acha." Sikuwa na mpango wa kukata.

Hedi: siti za valvu za eksozi nimezikagua kwa makini maana injini za umri huu zilizoea petroli yenye ledi, madini ya risasi, na ledi imeondolewa Afrika hii yetu kusini ya Sahara tangu mwanzoni mwa 2006, ledi ndo ilikuwa inalinda siti laini zisizame. Hizi zimekaa vizuri, nimesaga kwa pesti kwa mkono, nimemimina petroli kwenye tundu nikasubiri, hakuna iliyovuja. Tutaangalia nafasi za valvu mara kwa mara, zikianza kubana zenyewe ndo dalili siti zinazama.

Jeti za kabureta zilizoharibiwa na salfa nimebadilisha. Zile ndogo zilizopona nimezibua na uzi wa mshipi wa kuvulia, nailoni, siyo waya, waya unapanua tundu na gari linaanza kunywa petroli, na mshipi hapa Mikindani haukosi.

Oktoba, mwishoni. Nafasi inaonekana

2L imepata mtu, kutoka Tandahimba, ana gari lake bloku limepasuka na hedi yake ni nzima, sisi tuna bloku zima na hedi haipo. Hedi ya kwetu ilikufa ule ugonjwa wa 2L zote, ufa kati ya valvu kwa sababu ya joto. Nimempimia silinda mbele yake, 92 kwa 92, kranki stendadi, akaridhika. Nimemwambia mkanda wa taimingi ni mpya au usiwashe. Mzigo umepanda kwenye gari, kona yote imebaki tupu, sijaiona sakafu ile tangu niwe mdogo.

504 ndo mgogoro. Niliingiza neno mjomba akiwa amekula ameshiba. Akasema hiyo haitoki. Akaanza Safari Rally, kwamba 404 ilishinda mara nne miaka ya 60, mara mbili kati ya hizo akiendesha Bert Shankland wa hapahapa Tanzania, na 504 ikashinda 1975. Ni kweli yote, sina la kubisha, lakini Shankland hana injini kwenye beseni letu. Nikamkumbusha sharti. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Sharti ni kufungwa kabla ya mvua?" Nikamwambia ndiyo. "Basi naifunga mimi."

Na kusema kweli inawezekana. 504 ina slivu za maji, silinda zinachomoka kabisa, haichongwi, unanunua slivu na pistoni kama seti unaziweka, kitu cha kuangalia ni sili za chini na slivu zichomoze juu ya bloku sawasawa zote. Kazi ya mezani hiyo, ya mtu aliyekaa. Nimemtengenezea meza ya urefu wa kiti chake, taa, beseni lake nimelichambua kwenye visahani. Nilipoanza kuandika namba kwenye konrodi akanishika mkono, silinda namba moja ya Peugeot inahesabiwa upande wa flaiwili, siyo mbele ya radieta. Nikamwachia kalamu.

Novemba. Kuwasha

Land Rover imerudi kwenye chesisi kwa cheni bloku, mwembe umefanya kazi yake ya mwisho mwaka huu, tawi limeanza kulia na mwakani tunasimamisha mabomba.

Kabla ya kufunga kava nimeweka nafasi za valvu, robo ya milimita zote, za kuingiza na za kutoa. Namba inayotakiwa ni tisa: valvu ya nane ikiwa imebonyea mpaka mwisho unaseti ya kwanza, ya sita ikibonyea unaseti ya tatu, ya nne unaseti ya tano, jumla kila mara tisa, huhitaji kutafuta alama yoyote. Mjomba aliwafundisha hivyo vijana wake wote na mtu akikosea alikuwa anampigia hesabu kwa sauti mbele ya wateja. Boliti za hedi 65 kwa toki renchi yake ya zamani ya futi na paundi.

Plagi nje, nimezungusha na hendeli mpaka mkono umechoka, alafu stata, mpaka taa ya oili ikazima yenyewe bila moto. Plagi ndani, moja-tatu-nne-mbili, distribyuta kwenye alama. Ilikohoa, ikatema moshi wa oili ya kuhifadhia, kuku wakakimbia, ikashika. Tapeti zake zina rola chini kwaiyo sikuwa na hofu ya kemshafti kwenye dakika za mwanzo, hofu yangu ilikuwa ringi, nimeiendesha moja kwa moja kupandisha mlima na kushuka, sikuiacha isimame ikinguruma uani kwa sababu ringi zinakaa kwa mzigo. Nimekwenda mpaka njia panda ya Mtwara mjini na kurudi. Joto limesimama katikati. Nyuma kuna tone la oili, ni kwenye giaboksi, siyo ile sili.

Imebaki kumwaga oili ya kwanza ikiwa bado ya moto, kubadilisha chujio, kurudia toki ya hedi ikiwa imepoa na kuseti valvu upya. Stoo ina rafu mbili tupu. Mjomba ameshaweka slivu tatu, ya nne inachomoza zaidi ya wenzake na ameagiza sili nyingine ya chini kutoka Dar, basi la kesho. Wingu limeanza kujikusanya upande wa Msimbati, nimemuuliza kama atawahi, akaniambia nimshikie taa vizuri.